Labani Alianza kwa Kumkumbatia

Masomo ya juma: Mwanzo 29:13–15, 31:36–55



Labani aliposikia kwamba mtoto wa dada yake yuko kisimani, hakwenda kwa mwendo wa kawaida. Alikimbia. Akamkumbatia Yakobo, akambusu, akamwingiza nyumbani, na alipokwisha kusikiliza habari zake zote akamtangazia kuwa wao ni mfupa mmoja na nyama moja. Mwezi ukapita. Ndipo mazungumzo ya ujira yakaanza, nayo yakaanza kwa upole mkubwa: kwa kuwa wewe ni ndugu yangu, haifai unitumikie bure, sema mwenyewe unataka nini. Miaka 20 baadaye, milimani Gileadi, Yakobo anamwaga yaliyomjaa moyoni: mchana jua lilinichoma, usiku baridi ilinila, usingizi ulinikimbia, na ujira wangu umeubadilisha mara kumi.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya jambo ambalo wengi wenu mnalileta ofisini, wengine mnaninong'oneza msibani wakati jeneza bado liko ndani: ndugu amekuja na fursa.

Ni ndugu kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Tapeli asiyejulikana tunajua kumfukuza. Huyu ni shangazi anayekaa Kasulu mjini, ndiye aliyekulaza kwake ulipokuwa ukisoma sekondari. Au ni binamu aliyeshuka Kibondo na basi la Mwanza, kavaa suti na tai katikati ya vumbi la kiangazi. Au ni mdogo wenu wa mwisho, ambaye ukoo mzima ulichanga maharage na ndizi zikauzwa ili amalize chuo, na tangu amalize hajapata kazi. Hajakuja siku yoyote tu. Kikoba kimevunjwa wiki hii, au mwalimu mstaafu ameingiziwa kiinua mgongo, au kahawa imelipwa. Anasalimia vizuri, anakula ugali pamoja nanyi, anamsifu mtoto. Halafu anafungua mkoba: virutubisho, dawa ya meno, chai ya kusafisha mwili, sabuni. Siku hizi wakati mwingine mkoba haupo kabisa. Ni simu tu, na ndani yake kuna namba zinazopanda kila asubuhi.

Maneno yake mnayajua, maana yanafanana toka Kakonko hadi Uvinza. Ajira ni utumwa. Usikubali kufa maskini. Mimi nilikuwa kama wewe. Lipia kifurushi cha kuanzia, kisha tafuta watu wako, wa kushoto na wa kulia, nao watafute wa kwao, na wewe utakula kwa jasho la timu ukiwa umelala. Ukiuliza swali, jibu ni kwamba una mtazamo hasi. Ukiuliza swali la pili, unaalikwa semina.

Niseme mapema kwamba kuuza si dhambi. Lidia wa Thiatira aliuza nguo za zambarau, na nyumba yake ikawa mlango wa Injili kule Filipi. Mtu akitembeza sabuni kijiji kwa kijiji, akainunua kwa bei ya jumla na kuiuza kwa faida, huyo ni mfanyabiashara, mwombeeni na mnunulie. Kipimo ninachokitumia ni chepesi. Chukua ile chupa uipeleke sokoni Kasulu siku ya gulio, uiweke juu ya turubai, mahali ambapo hakuna shangazi wala binamu. Je, mtu asiyekujua, asiyetaka kujiunga na chochote, atainunua kwa bei hiyo? Akiinunua, hiyo ni bidhaa. Ikiwa wanaoinunua ni wale tu wanaotaka kujiandikisha, basi chupa ni kisingizio, na kinachouzwa ni nafasi ya kumwingiza mwingine.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtu mmoja aingize watano. Kila mmoja wa hao watano aingize watano, wawe 25. Kisha 125, kisha 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Hatua ya tisa ni watu 1,953,125. Wajumlishe wote pamoja na yule wa kwanza, unapata 2,441,406. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wetu wa Kigoma ukiwa na watu wapatao milioni 2.47, wakiwemo vikongwe na watoto wa mgongoni. Kwa hiyo hatua tisa tu na mkoa umekwisha. Wa hatua ya kumi, ambao wanatakiwa kuzidi milioni 9, tutavuka mpaka wa Mabamba kuwatafuta Burundi? Na Burundi nako kuna mashangazi wanaotafuta watano wao. Tena angalieni jambo moja linalonikosesha raha kuliko mengine: popote mnyororo huo utakapokatika, wanne katika kila watano watakuwa wale wa hatua ya mwisho, waliolipa na hawana wa chini yao. Si kwa sababu ni wavivu, wala si kwa sababu hawakuamini vya kutosha. Hesabu yenyewe imewapangia hivyo kabla hawajazaliwa katika hiyo timu.

Na hata kwa kampuni zilizosajiliwa vizuri, zenye bidhaa na ofisi? Mwezi Septemba 2024 wataalamu wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani walitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato ambazo kampuni 70 za biashara hii zilizitoa zenyewe. Walikuta kwamba walio wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama zao. Katika kampuni zisizopungua 17, walio wengi hawakupata hata senti. Hizo ni kampuni zilizojisema zenyewe, katika nchi yenye mahakama kali za biashara. Sioni kwa nini Kasulu iwe na bahati zaidi.

Sisi wa makanisani hatuwezi kulisema jambo hili kana kwamba tumesimama pembeni. Wengi wenu mnaikumbuka DECI, ule mradi wa fedha. Waasisi wake walikuwa wachungaji wa Kipentekoste, na lugha yao waliitoa mimbarani: mwanachama alipanda mbegu, akangoja siku ya kuvuna. Mwaka 2009 Serikali iliifunga, viongozi wakafikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, wakishtakiwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni, na mwaka 2013 wanne kati yao wakatiwa hatiani. Uganda miaka ileile kulikuwa na COWE, iliyojivika jina la yatima, wajane na wazee, nayo ilianguka na fedha za watu mwaka 2007. Kenya iliunda kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze, kikahesabu zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya zilizopotelea katika miradi ya namna hiyo. Hiyo ni ya zamani, mtasema. Lakini mwezi Februari 2025 polisi wa mikoa mbalimbali ya nchi yetu walikuwa wakikamata watu waliohusishwa na LBL, ambako mtu alilipia ngazi, akawa anatazama matangazo kwenye simu na kualika wenzake.

Kuhusu DECI liko jambo ambalo sijaona likihubiriwa. Baada ya kufungwa, wengi walioumia hawakuwakasirikia waliowaingiza. Waliikasirikia Serikali kwamba imefunga kabla zamu yao ya kuvuna haijafika. Ukifikiri vizuri utawaelewa. Waliwaona kwa macho watu waliovuna. Ushuhuda waliousikia ulikuwa wa kweli: dada fulani alipanda, alivuna, akaezeka bati. Aliyewaambia hakudanganya hata neno moja. Hakujua tu kwamba bati lake limenunuliwa kwa fedha ya jirani aliyepanda baada yake. Ndiyo maana siwaiti matapeli ndugu wanaokuja na mikoba. Wengi wao wanashuhudia walichokiona. Ila ushuhuda wa kweli wa mtu mmoja hauwezi kuigeuza hesabu ya watu milioni mbili, na sisi tuliozoea kushuhudia ibadani tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Turudi kwa Yakobo.

Watu wakisoma sura hizi haraka humwona ndugu anayewaalika kuwa ndiye Labani. Mimi sidhani. Labani yuko mbali, wengi wenu hamtamwona, picha yake iko ukutani kwenye ukumbi wa semina akiwa ameegemea gari. Aliyekaa sebuleni kwako ni Yakobo. Ametumikia miaka saba yake, akaamka asubuhi akakuta aliyepewa ni Lea, akaambiwa aongeze saba. Kila mwezi lazima anunue tena ili akaunti yake isilale. Pointi za mwezi uliopita zimefutwa. Ngazi aliyoahidiwa imeongezewa sharti. Ujira wake umebadilishwa mara kumi na bado anaamini mara ya kumi na moja itakuwa ya kweli, kwa sababu akikiri kwamba si kweli atalazimika pia kukiri fedha ya ng'ombe aliyeuzwa, na ada ya mtoto, na mkopo. Hakuja kwako kwa tamaa peke yake. Amekuja kwa sababu wewe ndiye uliyebaki kwenye ile orodha ya majina 100 aliyoambiwa aiandike siku ya kwanza.

Babu zetu wa Buha, huku kwetu Kigoma, waliwajua waandikishaji wa vibarua. Wakati wa ukoloni nchi yetu hii ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizopeleka vijana wengi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Ziko nyumba Kibondo na Kasulu ambazo bado zinasimulia habari ya babu aliyekwenda manamba asirudi. Sisifu utumwa ule. Lakini manamba alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku zake, na kipande kilipojaa siku 30 za kazi alilipwa. Kipande cha ndugu yako hakijai. Kila kinapokaribia kujaa kinaongezwa mistari.

Sasa niseme tunamjibu vipi, maana wengi wenu hamna tatizo la kujua. Mna tatizo la mdomo. Unamwambiaje shangazi hapana? Shangazi! Aliyekubeba, atakayesimama kwenye harusi ya binti yako, ambaye usipomsikia leo kesho ataeleza kwenye kikao cha ukoo kwamba umekuwa na kiburi tangu upate kazi. Huku kwetu ukoo ndio bima. Ndio unaokupa kipande cha shamba cha kulima mvua zikianza, ndio unaomlaza mtoto wako mjini, ndio unaochimba kaburi. Waliobuni biashara hizi wanalijua hilo kuliko tunavyolijua sisi. Wanachokitafuta Kigoma si soko la dawa ya meno. Ni huo ukoo, ule uaminifu ambao bibi na babu waliujenga kwa miaka mingi, ambao unamfanya mtu atoe laki tatu bila kuomba risiti kwa sababu anayeomba ni mtoto wa baba mdogo. Wananunua uaminifu huo kwa bei ya kifurushi, wanautumia mara moja, na haujazwi tena. Nimeona familia zilizokuja kuzika, zikakaa kwenye turubai mbili.

Kwa hiyo kumkatalia ndugu hapa ni kuulinda ukoo. Lakini tunavyokataa, wapendwa, ndivyo tunavyoharibu. Tunasema "nitaangalia". Tunasema "mwisho wa mwezi". Tunazima simu, tunamtuma mtoto mlangoni aseme baba hayupo, na baba anasikika anakohoa chumbani. Tunadhani ni heshima. Yeye kule anaandika kwamba umekubali nusu, anapanda tena basi, analipa nauli tena, anamwambia kiongozi wake kwamba kuna mtu mmoja Kibondo yuko njiani. "Nitaangalia" yako inamgharimu kuliko matusi. Bwana wetu katika Mathayo 5 alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo na hapana yetu iwe hapana, na sidhani kama aliwatoa mashangazi katika agizo hilo.

Mwendee mapema. Usimjibu mbele ya watoto wake, wala mbele ya wale wawili aliowaleta wamsaidie kukuelezea. Kama umri wenu umepishana sana, nenda na mama mdogo au mzee anayemheshimu. Kisha sema, kwa adabu zako zote: "Shikamoo shangazi. Nimekusikiliza na nimefikiri. Sitajiunga, mwaka huu wala mwakani, na wala sitakuandikia mtu. Lakini nyumba hii ni yako, ukija tutakula, na ukipata shida niite." Basi. Usimwongezee sababu 12. Kila sababu utakayotoa ameshafundishwa jibu lake kwenye semina. Ukisema huna fedha ataambatana nawe kukopa, ukisema huna muda atakwambia hata saa moja inatosha. Hapana isiyo na mlango wa nyuma inamwokoa yeye pia.

Usijiunge kwa huruma. Hili nalisisitiza kwa sababu waumini wengi wazuri wameanguka hapo: "Nimempa tu laki na nusu, mchungaji, nimtoe aibu." Hukumtoa aibu. Umempa sababu ya kubaki mwaka mwingine, na jina lako sasa linasomwa kwa mtu mwingine kama ushahidi kwamba hata yule mwalimu wa Kasulu ameingia. Ukitaka kumsaidia, msaidie kwa kitu kinachoonekana: debe la mbegu ya maharage, mfuko wa mbolea, ada unayoilipa mwenyewe shuleni. Akiuza sabuni unayoihitaji kwa bei ambayo ungeilipa dukani, nunua sabuni. Usisaini chochote.

Na kama yuko tayari kukaa, kaeni na daftari. Wazee wetu wa Uamsho, uliovuka kutoka Rwanda, walituachia desturi ya kutembea nuruni: mtu alisimama mbele ya ndugu akasema deni lake kwa jina la aliyemkopa na kiasi. Desturi ile tumeiacha ikawa ya kukiri hasira na uvivu wa kusali, mambo yasiyo na risiti. Irudisheni kwenye fedha. Muulize kwa upole: tangu uanze umeweka kiasi gani, pamoja na nauli, bando, kiingilio cha semina, na ile suti? Umetoa kiasi gani mkononi, si kile kinachoonekana kwenye simu? Nani amenunua kwako bila kujiunga? Usikemee. Andika tu, jumlisha, mwachie karatasi. Mwingine atakasirika. Mwingine atakaa kimya muda mrefu, na huo ukimya usiujaze kwa mahubiri.

Kikoba chetu hakina siri ya namna hiyo. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, kufuli tatu kwa watu watatu tofauti, hisa zinahesabiwa kwa sauti, na faida inatoka kwenye riba ya mkopo ambao mama fulani aliupeleka kwenye nguruwe au kwenye mtaji wa dagaa. Ni faida ndogo. Inachosha kuingojea. Kwa hiyo sishangai vijana kuichoka, hasa hapa Kibondo ambako wengi walikuwa wakifanya kazi za mashirika kambini Nduta, na wa Kasulu kule Nyarugusu, kisha bajeti zikapunguzwa na mikataba ikaisha. Kijana aliyezoea mshahara wa mwezi ukimwambia angoje mwaka mzima agawane hisa, anakuona hujamwelewa. Wazazi, msimcheke. Mtafutieni la kufanya kabla hajatafutiwa na mwingine.

Juu ya vijana liko la hatari zaidi. Polisi wamekuwa wakitoa taarifa, katika mikoa kadhaa, za vijana walioitwa mjini kwa ahadi ya ajira, wakapangishiwa chumba kimoja watu wengi, wakafundishwa kupiga simu nyumbani kuomba fedha ya mafunzo, ya sare, ya kipimo cha afya. Mara nyingi aliyemwita kijana ni rafiki au ndugu aliyeitwa kabla yake. Mtoto wako akipiga simu ya namna hiyo, usitume hata elfu 20. Mwombe akutajie mtaa na nyumba, mtumie nauli dereva wa basi unayemfahamu, na uende kituo cha polisi hapa kwetu. Na kwa wenye wagonjwa: hakuna kirutubisho kinachochukua nafasi ya dawa ya presha au ya sukari uliyopewa hospitali. Anayekwambia uache dawa ili chai yake ifanye kazi, hata kama ni dada yako wa damu, mkatalie papo hapo.

Mwisho wa habari ya Yakobo na Labani haukuwa mzuri sana wala mbaya sana, na ndiyo maana naupenda. Labani hakukiri kosa. Someni aya ya 43: mpaka dakika ya mwisho anasema mabinti ni wake, watoto ni wake, wanyama ni wake, vyote unavyoviona ni vyake. Yakobo hakungoja aombwe msamaha. Walikusanya mawe wakafanya chungu, wakala pale juu yake, wakaapizana kwamba hakuna atakayeivuka chungu ile kwenda kumdhuru mwenzake. Hawakuapa kutoonana. Waliweka mpaka, na kwenye mpaka wakala chakula. Kulipokucha Labani akawabusu wajukuu na binti zake, akawabariki, akaenda zake. Yakobo hatajwi kubusiwa, yule yule aliyekimbiliwa kisimani kwa kumbatio. Wengine wenu mtalipa bei hiyo. Shangazi atawasalimia watoto wako na wewe atakupa vidole viwili. Vipokee.

Neno kwa wale ambao mmekwisha kuingia, na hasa mliokopa ili muingie. Najua kuna waliochukua mkopo wa kausha damu, na kuna waliotoa hisa za kikoba bila mume au mke kujua. Alhamisi hii baada ya sala ya jioni, wazee wawili wa kanisa na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake watakuwa ofisini. Njooni na karatasi ya mkopo, daftari la kikoba na simu yenye ujumbe wa malipo, msifute chochote. Hatutauliza nani alikuingiza. Deni likiwa la kikoba cha kanisa tutakaa na wenzako tupange marejesho upya. Likiwa la kausha damu tutakutafutia mtu wa kuusoma mkataba kabla hujalipa riba nyingine. Kuwaambia walio nyumbani ni kazi yako, ila mmoja wetu atakwenda nawe ukitaka.

Na uwanja wa kanisa, pamoja na lile darasa la shule ya Jumapili, kuanzia wiki hii hautolewi kwa semina za fursa, hata anayeomba akiwa mzee wa kanisa.